Hizo Nguzo ni Zangu

Orvieto, siku ya Mtakatifu Luka, 1356

Kwa baba yangu Tofano, fundi mawe, Fontebranda, Siena.

Shikamoo baba. Natumai goti lako limepunguza malalamiko, na wewe umepunguza kulisingizia kila unapochelewa misa. Sisi huku juu ya mwamba wetu hatujambo. Mita amerithi jina la mama na mdomo wake pia: ana maneno mengi kuliko meno. Jana aliniuliza kama babu yake anaishi mbinguni. Nikamwambia hapana, babu yuko Siena, ila anafanya kazi juu sana. Akasema, "Basi ni jirani yao."

Mkweo Puccio anakusalimu. Fundi mkuu amempa malaika mzima wa kutengeneza, wa kuwekwa mbele ya kanisa, vipande vya vioo kutoka unyayo hadi nywele. Ni kazi ya kupofusha. Buluu ukiiweka peke yake hufa, mtu akiitazama kwa mbali. Lazima uchomeke kijani katikati, na kipande cha dhahabu kilichoinama kidogo, ndipo bawa linapumua. Nimeligundua hilo wiki hii. Yaani Puccio ndiye aliyeligundua.

Na ukumbi wenu mpya wa kanisa vipi? Mwuza jibini wa huku akisikia lafudhi yangu hunitania: "Nyie Wasiena, kanisa mlilo nalo haliwatoshi, mnajenga jingine la kumtosha Mungu pamoja na wakwe zake?" Nimemwambia asubiri Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, aje aone baba yangu alichosimamisha. Uliniahidi, baba. Nitakuja na Mita, nisimame chini ya matao yako nipige kelele nisikie mwangwi.

Binti yako,
Lagia


Siena, siku ya Mtakatifu Martino

Mwanangu Lagia,

Marahaba. Goti lipo. Mwambie Mita kwamba majirani zangu huku juu ni njiwa, na tabia zao si za mbinguni.

Ukumbi unakwenda vizuri. Nguzo zimesimama, kuta zimesimama, na ule ukuta mkubwa wa mbele unaonekana hata na wachungaji wa ng'ambo ya mto. Siku ukimalizika, Kanisa Kuu la sasa litakuwa kama ubavu tu wa hilo jipya. Watu watalazimika kuketi chini wakitaka kuangalia dari.

Baraza limeleta bwana mmoja kutoka Firenze, ati aje kutupa maoni. Anazunguka na timazi yake, kana kwamba sisi hatujui kupima kama ukuta umenyooka, anaining'iniza hapa, anaining'iniza pale, anaguna. Unamkumbuka Bindo, mwenzangu wa kamba? Bindo alisema mbele yake kabisa: "Mfirenze akikuambia mvua inanyesha, anika nguo." Tulicheka hadi chokaa ikatukaukia mikononi.

Umeandika mengi juu ya buluu na kijani. Unazungumza kama mtu ambaye vidole vyake vimekatwa na vioo. Mwachie mumeo kazi yake, wewe mlishe.

Baba yako,
Tofano


Orvieto, siku ya Mtakatifu Lusia

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku baridi imeingia hadi ndani ya mkate. Vidole vyangu havijambo, usiviwazie.

Amepita hapa mwendesha mikokoteni wa sufu, mtu wa Siena, tukampa supu. Akasema alipopita kanisani aliona magogo yameegemezwa chini ya matao yenu, manene kama ng'ombe, na kwamba walinzi wanawazuia watu kukatiza pale. Nikamwambia amelewa. Akasema, "Nimelewa ndiyo, lakini magogo hayakuwa yamelewa, yalikuwa yamesimama wima kuliko nguzo."

Puccio alinyamaza. Kisha akasema nisikuulize, mzee ana mambo yake. Lakini mimi nakuuliza. Magogo ya nini?

Puccio anakusalimu. Mkono wake una shughuli nyingi, ndiyo maana haandiki.

Lagia


Siena, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni

Lagia,

Magogo ni ya kawaida. Jengo kubwa huvaa magogo kama mzee anavyoshika fimbo. Mlevi wa sufu arudi kwenye sufu yake.

Sasa mimi nikuulize. Tangu kiangazi Puccio hajaongeza hata mstari mmoja chini ya barua zako. Zamani hakuweza kukuachia karatasi bila kuandika upuuzi wake pembeni. Sasa ni "Puccio anakusalimu, Puccio ana shughuli". Wewe unajua rangi zote za malaika wake, lakini yeye hujaniambia anakula nini, anacheka nini, amegombana na nani. Na umeandika kwamba alinyamaza.

Mimi si mtu wa kuingilia nyumba ya mtu. Mama yako, Mungu amrehemu, ndiye angejua namna ya kuuliza. Mimi nauliza kama fundi mawe. Mmegombana? Ana mwanamke mwingine? Na kama amekuinulia mkono, mwanangu, usinifiche kwa aibu. Goti langu ni bovu, lakini njia ya Orvieto naijua, na nyundo bado ninayo.

Baba yako,
Tofano


Orvieto, wiki ya kwanza ya Kwaresima

Baba,

Hawezi kuniinulia mkono. Hana mkono wa kuinua.

Nisamehe kwa kukuambia hivi. Nimejaribu mwanzo wa namna nyingi, na kila mmoja ulikuwa uongo mwingine.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Alikuwa anapandisha masanduku ya vioo kutoka bondeni, mvua ilikuwa imenyesha, gurudumu likateleza kwenye ile kona unayoijua, gari likamlalia. Mkono wa kulia. Mganga alifanya alichoweza, kisha akafanya kilichobaki kufanywa. Tulikuficha kwa sababu wakati huo ndipo goti nalo lilikuwa limekuangusha, na Puccio alinishika nguo akasema, "Mzee asijue. Alimpa binti yake fundi, asijue sasa binti ana mume wa nusu." Hayo ni maneno yake, si yangu. Mimi nilimwambia nusu aliyobaki nayo inakoroma vilevile.

Malaika alikuwa amefika mabegani. Tungefanya nini? Mimi nimekua kwenye vumbi lako, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha herufi kwa kuziandika kwenye unga wa mawe. Nikakaa mezani, Puccio akakaa kando yangu. Yeye anasema, mimi naweka. Tunagombana kutwa. "Kiinamishe!" "Nimekiinamisha!" "Hicho ni kuinamisha au kuanguka?" Vidole vyangu vimekatwa kweli, uliona sawasawa. Mafundi walikuja kuchukua vipande vikiwa vimefunikwa kitambaa, wala hakuna aliyeuliza.

Mpaka wiki iliyopita. Fundi mkuu aliingia bila kubisha, akanikuta na gundi hadi kwenye viwiko. Aliinamia meza. Kisha akasema, "Bawa la kushoto linapaa. La kulia limechoka kidogo. La kulia alifanya nani?" Puccio akakohoa. "Mimi, bwana. Kabla ya ajali." Yule mzee alicheka mpaka akashika ukuta, akasema mke ana haki ya kumalizia kazi ya mumewe, akaenda zake. Na Puccio, baba, alicheka pia. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Halafu akalia, nami nikalia, na Mita akatuangalia kama tumerogwa.

Basi nimefungua mlango wangu. Fungua na wako. Magogo ni ya nini?

Lagia


Siena, Sikukuu ya Maria Kupashwa Habari, mwaka mpya wa 1357 kwa kalenda yetu

Mwanangu,

Nilisoma barua yako kisimani, nikaondoka bila kuchota maji. Mwambie Puccio kwamba mimi sikumpa binti yangu mkono wa mtu. Nilimpa Puccio. Amwambie hivyo kila anayemuuliza, na ajiambie mwenyewe pia.

Nimeiweka nyundo mahali pake. Nilimdhania vibaya, naye anisamehe.

Sasa magogo. Yule Mfirenze alisema kweli.

Nilimchukia kwa ajili hiyo, kisha Jumapili moja kazi ilipolala nilichukua timazi yangu mwenyewe nikapanda. Nilianza na nguzo za wengine, nikifurahi kuziona zimeinama. Kisha nikafika kwenye zangu. Lagia, zimeinama. Kuta ni nyembamba kwa uzito tulioupandisha juu yake. Tulikuwa na haraka, tulitaka kuwa wakubwa. Kuna ufa nyuma ya nguzo ya tatu unaoingia kiganja changu chote hadi kifundo cha mkono. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliujenga ukuta pamoja na ufa wake.

Baraza linawaita mafundi mmojammoja. Bindo ameapa kwa meno yake yaliyobaki kwamba nguzo zitasimama hadi kiama. Wengi wamesema hivyo. Nani atataka kuiambia Siena ibomoe fahari yake mwenyewe? Mimi wananiita baada ya Pasaka.

Na kuna jambo lingine, ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Mwaka wa tauni walipomchukua mama yako, unajua walikompeleka. Shimo, na chokaa, na watu wengine juu yake. Hakuna jiwe. Mimi, fundi mawe, sikumwekea mke wangu jiwe. Kazi ya kanisa ilipoanza tena nikapewa kichwa cha nguzo ile ya tatu nichonge majani. Nikachonga majani, na katikati ya majani nikamchonga yeye. Si kama mtakatifu. Nimemchonga mdomo wazi, vile alivyokuwa akituita chakula kikipoa. Yuko juu sana, ukiwa chini unaona majani tu. Kila asubuhi nikipanda, nampita. Namwamkia.

Nikisema kweli mbele ya baraza, watamteremsha. Nikinyamaza, anabaki.

Juzi jiwe la ukubwa wa mkate lilianguka mahali alipokuwa ameketi mama mmoja mwuza vitunguu. Alikuwa ameinuka kwenda kumkemea mtoto.

Sikuombi ushauri. Nimetaka tu mtu mmoja ajue.

Baba


Orvieto, Jumanne ya Pasaka

Baba,

Nimekukasirikia. Nilipita chini ya nguzo ile tangu ilipopandishwa hadi nilipoolewa, na mama alikuwa juu yangu, na hukuniambia niinue macho. Ningemwona au nisingemwona, lakini ningejua. Nimekasirika asubuhi nzima, nimeosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Mchana nikafikiria wewe unapanda peke yako kila siku unamwamkia, hasira ikaisha.

Hukuniomba ushauri, basi huu si ushauri. Ni ukumbusho, maana naona umemsahau mkeo. Yule mwanamke alimfukuza askari wa baraza kwa ufagio kwa sababu farasi wake alikaribia watoto kisimani. Unadhani angekaa kimya huko juu, mdomo wazi, akiwaangalia watoto wa watu wanacheza chini ya jiwe bovu? Ule mdomo uliouchonga, baba, hauiti watu kwenye chakula. Unapiga kelele, "Ondokeni hapo!"

Sema kweli. Wakikufukuza, sisi tupo.

Lagia

*Mzee, ni mimi Puccio, kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelewa, mimi sijalewa. Ulichosema juu yangu nimeambiwa. Nimekisoma pia mwenyewe, mara nyingi. Asante, baba.*


Siena, siku ya Mtakatifu Yohane

Mwanangu Lagia, na Puccio,

Nimesema.

Waliniuliza, "Fundi Tofano, unazionaje nguzo?" Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema, "Mabwana, hizo nguzo ni zangu, na ni mbovu. Ziteremsheni kabla hazijajiteremsha." Bindo alitema mate chini akatoka.

Wiki zilizofuata sitaziandika sana. Kisimani wanawake waliacha kunijibu salamu. Kuna aliyetupa kabichi iliyooza mlangoni kwangu. Niliambiwa Mfirenze amenilipa. Nilikula peke yangu, nikalala mapema.

Kisha baraza likaamua. Ukumbi hautaendelea, na palipo na hatari pabomolewe. Wakanitaka mimi nisimamie upande wangu, kwa kuwa ninajua jiwe lipi limelala juu ya lipi. Ila hakuna fundi aliyekubali kupanda nami. Nikapanda mwenyewe.

Asubuhi ya pili nikasikia mtu anahema nyuma yangu kwenye ngazi. Bindo, na kamba zake begani. Akasema, "Usidhani nimekusamehe. Nimekuja kwa sababu ukianguka nitalazimika kuja mazishini, na viatu vyangu vya mazishi vimechanika." Tulifanya kazi mpaka adhuhuri.

Tulipofika kwenye ile nguzo ya tatu, alifuta vumbi kwenye majani kutafuta pa kufunga kamba. Akaganda. Akavua kofia. "Tofano. Huyu si Mita wako?" Nikasema ndiye. "Miaka yote hii nimekula mkate wangu chini ya Mita?" Nikamwambia, "Hata alipokuwa hai ulikuwa unaula mkate wake." Alicheka, akageuza uso upande wa pili, akijipangusa kwa kofia.

Tulimteremsha kwa kikapu cha nyasi, polepole kama yai. Lakini uzito ulikuwa umeshamfanyia kazi yake kwa siri. Kulikuwa na ufa kutoka paji la uso hadi kidevuni, na alipogusa ardhi akaachana vipande viwili. Hakuna aliyekosea. Niliketi chini mbele ya watu wote nikalia kwa sauti, jambo ambalo mwaka wa tauni sikupata nafasi ya kulifanya. Bindo alisimama mbele yangu akatandaza joho lake, watu wasinione.

Ule ukuta mkubwa wa mbele unabaki, ila unahitaji kuegemezwa. Nimeviweka vile vipande viwili ndani ya egemeo lake, nyuso zikitazamana, nikamwaga chokaa safi. Hakuna atakayemwona tena. Anabeba. Na chini yake hapaanguki kitu.

Kazi imebaki kidogo. Watu wameanza kuniamkia. Nyumba ni kimya. Nitazoea, mti mzee hauhamishwi.

Baba yenu,
Tofano


Orvieto, siku ya Mtakatifu Maria Magdalena

Baba,

Tumeisoma pamoja, mimi kwa sauti na Puccio akishika taa, mpaka nikachukua taa mimi, naye akaendelea.

Wewe si mti. Mti hauna miguu, hauna binti, wala haulalamiki juu ya goti.

Malaika amepandishwa. Nilisimama uwanjani na watu wengine, Mita begani kwa Puccio. Bibi mmoja kando yangu akapiga ishara ya msalaba akasema, "Tazama, kama anataka kutua." Nilimwonyesha Mita bawa la kushoto.

Sasa sikia shida yangu. Fundi mkuu anataka nifanye kazi inayofuata kule kule juu, ukutani, maana vipande vikiwekwa mezani havijui jua litakapotokea. Puccio hawezi kupanda ngazi kwa mkono mmoja. Nitakuwa peke yangu huko, juu ya mbao zilizofungwa na watu nisiowajua. Naogopa, baba. Sijamwambia Puccio jinsi ninavyoogopa. Nikiwa huko juu nataka kuwe na mtu mmoja mwenye timazi, mtu ambaye ubao ukiwa mbovu atasema ni mbovu, hata kama mji mzima unasema ni mzima. Namjua mmoja tu.

Chumba cha nyuma kina jua la asubuhi. Mita amekwisha kuwaambia majirani kwamba babu anateremka kutoka juu.

Usiijibu barua hii kwa karatasi. Ijibu kwa miguu.

Lagia


Njiani, kabla ya Orvieto, siku moja baada ya Mtakatifu Bartolomeo

Lagia,

Najua ulisema nisijibu kwa karatasi. Lakini goti limegoma hapa kwenye ukingo wa bonde, na mwuza jibini wako anapanda jioni hii na punda wake, nami siwezi kumpita mtu anayekwenda kwako bila kumpa kitu. Tutalala kwa mchungaji, asubuhi tutapanda. Nasema tutapanda. Bindo alisema atanisindikiza hadi lango la Siena tu, na tangu langoni analalamika kwamba ni mbali. Bandika kunde nyingi.

Usikanyage ubao wowote kabla sijafika.

Alasiri hii tulipotokeza juu ya kilima, jua lilikuwa nyuma yetu, na ng'ambo, juu ya mwamba, kitu kilikuwa kinawaka. Bindo alidhani ni moto. Mchungaji akacheka akasema, "Huo si moto, wazee. Ni kanisa letu, jua likilipiga usoni."

Nilitazama mpaka macho yakanitoka machozi.

"Si kanisa tu, kijana," nikamwambia. "Yule ni binti yangu."

Baba yako